Nakala Isiyo na Muhuri

Bi Nyamizi hakusalimia. Alisukuma kitambulisho chake chini ya kioo, akasema, "Nataka ile siku ya jeneza."

Siwema Mlowe alikuwa mtazamaji wa kamera za soko la Mkelenge, na mtazamaji haruhusiwi kumwambia mwombaji "pole" kabla ya kumaliza maswali. Juu ya dirisha kulikuwa na maikrofoni ya Mboni, ile programu inayotunza picha zote za mji, na pole inayotoka mapema Mboni iliihesabu kuwa upendeleo. Kwa hiyo aliuliza kama alivyofundishwa: kamera ipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kwa kusudi gani.

"Kamera mnazijua nyie. Saa mnazijua nyie." Bi Nyamizi alikuwa mshona magunia pale kinu cha unga, nyuzi za katani zilikuwa zimemganda kwenye mikono ya gauni. "Kusudi ni kwamba nataka kumwona aliyemkanyaga mdogo wangu. Walikuwa wenzake chini ya jeneza lile, na kila mmoja akiniona anaangalia chini. Mmoja wao ndiye. Nataka kumjua."

"Pole sana kwa msiba."

"Pole ya nini sasa? Umeitoa kama mashine ya tiketi."

Siwema akapiga kidole kwenye skrini. Ombi likapokelewa. Mwanamke yule akachukua kitambulisho chake, akakifuta kwa kanga kana kwamba kioo kimekichafua, akaondoka.

*

Tuliokuwepo tunakumbuka kamera zilivyoingia Mkelenge. Zililetwa kwa ajili ya wezi wa nyaya za reli. Tuliitwa uwanja wa mpira, tukapewa soda ya moto, tukanyoosha mikono. Mtu wa kwanza kunaswa na kamera hizo hakuwa mwizi wa nyaya. Alikuwa mama muuza sambusa aliyepita na sinia lake upande wa barabara usioruhusiwa. Nyaya ziliendelea kukatwa mpaka shaba ikaisha.

Tukapiga kelele. Miaka tulipiga kelele, na wengine walipigia kelele ndani ya seli, mpaka tukaletewa Sheria ya Mtazamaji. Kikosi cha Utulivu, ndivyo polisi wa mji walivyoitwa siku hizo, kisijichotee picha chenyewe. Kila kipande kitazamwe kwanza na binadamu mmoja, kwa mwendo wake halisi, na bila muhuri wa kidole chake mahakama isikipokee. Na binadamu huyo asiwe na ndugu mjini, wala rafiki, wala mahali pa kusali, wala genge analokopa nyanya. Mwenye kujuana na watu, walisema, atawapendelea.

Tukacheza ngoma siku ile tukidhani tumeshinda. Tulichopewa ni mwanamke mpweke nyuma ya kioo.

Siwema walimpata kirahisi. Kijiji chao kilikuwa chini ya bwawa la umeme, makaburi na yote, na watu wake walitawanyika hata yeye hakujua walikoishia. Kwenye usaili waliposoma hapo walitabasamu. Chumba cha kulala kilikuwa nyuma ya chumba cha kazi. Chakula kililetwa na kijigari kisicho na mtu. Jioni alipotoka kunyoosha miguu alipita njia ya nyuma ya maghala, na akikutana na mtu alishuka barabarani, maana salamu zikizidi Mboni huuliza.

*

Alifungua kamera ya nane, ile inayotazama Mtaa wa Karakana. Akavuta kijistari cha saa chini ya skrini hadi asubuhi ya mazishi, akaachia.

Barabara ilikuwa tupu. Kuku alivuka. Halafu jeneza likatokea kwenye kona likiwa mbio, kama tunavyolipeleka sisi, kila mwanamume akipenya kutia bega hatua chache apate thawabu yake, amwachie mwingine, azunguke mbele akangoje tena. Ndani yake alikuwa Mzee Kalimba, mfagiaji mabehewa, aliyewafundisha wafagiaji wenzake kudai glovu na mapumziko. Alikufa kwa ugonjwa wake wa kifua, kitandani. Watu walijaa.

Mboni ikachora mraba mwekundu kuzunguka jeneza, ikaandika juu yake: FUJO. KUNDI LINANYANG'ANYANA MWILI.

Siwema alipoyasoma hayo mara ya kwanza alicheka, na sauti ya kicheko chake ikamshtua. Mboni ilifundishwa kwa picha za maiti wa nchi nyingine, wanaopelekwa kwa gari refu, polepole, watu wakiwa wamenyamaza. Hapakuwa na kitufe cha kuiambia hapana, haya ni mazishi.

Akaendelea kutazama. Mdogo wake Bi Nyamizi, Rukonge, aliingia chini ya jeneza kwa bega la kushoto, nyuma kabisa. Mbele kabisa alikuwa Hemedi, kiongozi wa wafagiaji, jitu la mabega mapana. Wote walitazama mbele, maana mbebaji hageuki nyuma. Ndipo pua nyeupe ya gari la Utulivu ikachomoza kutoka kichochoroni nyuma yao. Gari la umeme, halina mlio. Lilitaka kupita. Halikupata nafasi, likajipa. Bampa lilimgonga Rukonge magotini, akaenda chini, tairi ikampanda kifuani, kisha gari likarudi kinyumenyume kichochoroni kama mtu aliyekosea mlango.

Jeneza likayumba. Wanaume wote wakalirukia wasiache liguse ardhi, wakasukumana, miguu ikachanganyika, wakalinyanyua, wakaenda. Walipokuja kuhesabiana makaburini ndipo wakajua nani hayupo. Tangazo la Utulivu lilishatoka: marehemu alikanyagwa na wenzake katika fujo. Na wenzake waliamini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kila mmoja alikumbuka kitu laini chini ya mguu wake.

*

Sajenti Ntandu alikuja asubuhi ile ile, akabisha mlango wa pembeni na kuketi bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa tumbo na mizaha, na hakuwa na wasiwasi na maikrofoni. Ile ilimsikiliza mtazamaji peke yake.

"Habari za ndani, Mama Mboni? Bado hujaolewa tu?"

"Sheria hairuhusu, Sajenti."

"Sheria ina wivu. Haya. Dada mtu ameleta ombi, nimeona. Umeshaitazama?"

"Siwezi kukujibu."

"Umeshaitazama. Macho yamekuvimba." Akanyoosha miguu. "Sasa sikiliza, nakwambia kama ndugu, maana huna. Ukitaka kuitoa, itoe. Sisi hatuna kinyongo. Dereva atashitakiwa, pengine atafungwa; kijana mwenyewe simpendi, anakula vitunguu vibichi ndani ya gari. Lakini wewe unajua muhuri unavyofanya kazi kuliko mimi."

Alijua. Kipande kinachopigwa muhuri hakikatwi, hakipakwi ukungu, kinatoka na tukio zima. Na muhuri ukishuka, Mboni huwageuza watu. Haihitaji sura: inachukua sikio, mwendo, namna mtu anavyobeba bega lake, inampiga hesabu, inamgeuza kutoka kisogo hadi uso na kuandika jina lake chini. Hakuna mgongo uliobaki salama nchini. Nakala moja inakwenda kwa mwombaji na ya pili inaingia yenyewe Utulivu.

"Kila aliyetia bega," Ntandu akasema, "nitakuwa naye mezani, na jina la baba yake. Na juu yao imeandikwa kunyang'anyana mwili. Amri ya Mikusanyiko unaijua. Kibali cha kazi kinakwenda, na nyumba za reli zinakwenda. Sisi tutapoteza dereva mmoja. Wao watapoteza mtaa mzima."

"Yale ni mazishi, Sajenti. Wewe umezika. Unajua ni mazishi."

"Mimi najua. Mashine haijui, na mimi siruhusiwi kujua kuliko mashine." Alisimama, akajipangusa vumbi tumboni. "Diski inajiandika juu yake kesho adhuhuri, picha za siku ile zinafutika, sivyo? Basi huna hata haja ya kufanya kitu. Kaa tu. Watu wengi wameishi vizuri kwa kukaa tu."

Alipofika mlangoni akageuka. "Unakula lakini? Umekonda."

Na hakika alikuwa mtu pekee aliyemwuliza hivyo tangu mvua zianze.

*

Siku nzima Siwema alibaki na kamera ya nane. Kazi yenyewe ilitengenezwa hivyo: mtu mmoja, uamuzi mmoja, hakuna wa kumwuliza. Angeweza kuwatafuta wale wanaume na kuwauliza, jamani, mnakubali kutajwa ili mwenzenu apate haki? Lakini mtazamaji akizungumza na waliomo kwenye picha, kidole chake hakikubaliwi tena kwenye picha hiyo. Akiwauliza, hawezi kuwatolea. Akiwatolea, hakuwauliza. Aliyeandika kifungu hicho hakuwa mjinga.

Aliirudisha. Aliipeleka taratibu. Alimtazama Rukonge akirekebisha kofia yake kabla ya kuinama chini ya jeneza, kijana nadhifu, na akajikuta anamjua kuliko alivyomjua mtu yeyote aliye hai.

Kulikuwa na njia nyingine. Ilikaa chini kabisa ya menyu, mahali mafundi hupita wakisafisha lenzi: nakala ya majaribio. Haina muhuri. Haimgeuzi mtu, haiandiki jina. Kisogo kinabaki kisogo. Inatazamwa hapo hapo kwenye skrini. Mahakamani haina uzito kuliko uvumi. Na kipande kikishatolewa hivyo, Mboni hukihesabu kimechafuka. Hakipigwi muhuri tena, leo wala milele. Mtazamaji anayemfungulia raia nakala hiyo anafutwa kazi kabla ya jua kuzama.

Alifunga menyu. Akaifungua. Akaifunga tena.

*

Asubuhi Bi Nyamizi alirudi. Safari hii aliegemea kioo kwa mikono yote miwili.

"Iko wapi?"

"Bado, Bi Nyamizi."

"Matanga ya mdogo wangu yamekuwa matanga ya paka. Mkekani niko peke yangu. Walikuja na unga na kuni, wakitanguliwa na lile jitu, Hemedi. Nikamrushia mwiko. Mtu aliyemkanyaga mtoto niliyemlea mgongoni atanisongea ugali? Nikawafukuza wote, maana simjui ni yupi. Nipe nimjue ili wengine warudi."

Siwema alitazama maikrofoni. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Akasema, "Hakukanyagwa."

Taa ikawa ya njano.

"Hakuna aliyemkanyaga. Aligongwa na gari la Utulivu kwa nyuma. Wenzake hawakuona. Hata wao hawajui."

Bi Nyamizi alisogeza uso karibu na kioo. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mtazamaji."

"Najua kazi yako. Nakuuliza wewe ni nani? Mtoto wa nani, unakaa na nani, nani hapa Mkelenge anaweza kuniambia huyu huwa hasemi uongo?" Alisubiri. "Huoni? Unaniambia jambo zito hivyo na hata jina lako silijui. Nikaliamini kwa kipi?"

 Ndivyo walivyomtaka Siwema awe: shahidi asiyejulikana na yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba shahidi wa namna hiyo hana thamani hata ya nyuzi za katani.

"Basi uone mwenyewe," akasema. "Lakini sikiliza kwanza. Ziko nakala mbili, na nikitoa moja, nyingine imekufa. Ya muhuri itamfunga dereva, na itawataja wote waliobeba jeneza, na wote watafukuzwa kazi na kwenye nyumba. Ya pili haitamtaja mtu. Utaona, na wao wataona. Lakini dereva hatashitakiwa kamwe."

"Kamwe?"

"Kamwe. Na kuanzia adhuhuri hakuna hata moja."

Bi Nyamizi aliondoa mikono kwenye kioo. Akaanza kung'oa nyuzi kwenye gauni lake, moja moja, akizitupa chini. 

"Mbwa nyie," alisema taratibu. "Nyie nyote mliokaa mkapanga hivi. Mtu achague kati ya damu yake na jirani zake, dirishani, kama anayechagua kanga." Kisha akafuta pua. "Huyo dereva simjui. Simjui kwao, simjui mamaye. Hawa nawajua. Hawa ndio watakaonizika."

"Kawaite basi," Siwema akasema. "Haraka."

*

Walikuja kwa makundi madogo, wakijifanya wanakwenda sokoni. Wafagiaji wa mabehewa, wachomeleaji wa karakana, mwalimu wa madrasa. Walisimama kando, na Bi Nyamizi alikuwa upande wake, kama watu wa mashtaka mawili tofauti. Siwema alikuwa ameigeuza skrini ikatazama nje. Alishuka hadi chini ya menyu, akabonyeza, Mboni ikamwuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Taa juu ya dirisha ikawa nyekundu.

Kuku akavuka barabara. Jeneza likatokea.

"Tazama, tazama. Nani huyo mwenye kisogo kama kifuu?"

"Si wewe huyo!"

"Mimi? Acha uongo wako."

"Shati hilo umelivaa na leo!"

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka. Rukonge aliingia pichani akirekebisha kofia. Mmoja akasema "Haya, huyo," kwa sauti ndogo, na Bi Nyamizi akajishika kifua. Kisha ile pua nyeupe.

Gari likarudi kichochoroni.

"Rudisha," Hemedi akasema.

Siwema akarudisha.

"Rudisha tena. Mguu wangu. Nionyeshe mguu wangu uko wapi." Alikuwa amesogea mpaka pumzi yake inaweka ukungu kwenye kioo. "Nilimsikia. Chini ya kiatu hiki hapa nilimsikia, kitu laini, nikakanyaga nikaenda. Viatu nimevichoma moto, vilikuwa vipya. Nionyeshe."

Siwema akasimamisha picha, akaivuta karibu. Mguu wa Hemedi ulikuwa mbele kabisa, mbali na Rukonge. Chini ya soli yake kulikuwa na kitu cha kijani kilichojikunja.

"Shuka la jeneza," mwalimu wa madrasa akasema. "Lilianguka. Ulikanyaga shuka, Hemedi."

Jitu lile likakaa chini barabarani. Lilikaa hivyo hivyo, miguu imenyooka mbele, likaanza kulia kwa sauti nene ya ajabu, na wenzake wakatazama pembeni kumpa heshima yake.

Bi Nyamizi ndiye aliyevuka ile nafasi iliyokuwa kati yao. "Inuka, mjinga wewe. Siku zote hizi unanikwepa njiani kama mwizi wa kuku."

"Ulinirushia mwiko, dada."

"Na nitakurushia mwingine. Inuka."

Wakamwinua. Watu wakaanza kushikana mikono upya, kama ndiyo kwanza msiba unatangazwa, pole dada, pole baba, poleni wote. Siwema alisimama nyuma ya kioo, mikono ameificha nyuma ya mgongo. Alikuwa hajui uso wake auweke vipi.

Ndipo Hemedi akageuka. "Na dereva je? Hii inakwenda mahakamani lini?"

"Haiendi," Siwema akasema. "Nikishawaonyesha ninyi, imeharibika. Haiwezi kupigwa muhuri tena."

"Haiendi? Kwa hiyo umemwachia."

"Ilikuwa ama ninyi ama..."

"Umemwachia!" Alipiga kioo kwa kiganja. "Picha ipo, mtu anaonekana, gari linaonekana, na wewe unakaa humo ndani kwenye feni unatuamulia! Nani alikutuma? Mimi kibali ningewapa wakitie mfukoni!"

"Amelipwa huyo," mwingine akasema nyuma.

"Wote hawa ni wa kulekule."

Siwema akamtazama Bi Nyamizi. Mwanamke yule alifungua mdomo. Kisha akawatazama wanaume waliomzunguka, mkono wa mmoja wao ukiwa bado begani mwake, watu aliowapata muda mfupi tu uliopita. Akaufunga mdomo.

"Twendeni nyumbani," akasema. "Jua kali."

Wakaenda. Sisi tuliokuwa miongoni mwao hatuna cha kujitetea hapo. Ilimchukua Bi Nyamizi miaka kutuambia nani alichagua, na alipotuambia hatukujua pa kumtafuta yule mwanamke. Dereva bado yupo. Amepandishwa cheo, ana mvi sasa, na tukikutana naye sokoni hutusalimia.

Adhuhuri diski ilijiandika juu yake, na barabara ya siku ile ikawa barabara ya siku nyingine. Siwema aliigeuza skrini ikatazama ndani. Mboni ilikuwa inamsubiri na maswali yake, kwa herufi zile zile za kistaarabu.

Sababu ya kutoa nakala isiyo na muhuri?

Akaandika: Wenye migongo yao waliitaka.

Je, ulishawishiwa na mtu yeyote?

Akafikiri. Akaandika: Hapana.

Jina la ndugu au jamaa wa kuarifiwa kuhusu kufutwa kwako?

Aliacha wazi, akabonyeza. Mboni ikarudisha swali. Akaacha wazi tena. Ikarudisha. Nje, kijigari cha chakula kilikuwa kimefika mlangoni na kinapiga kengele yake, na nyuma yake akasikia buti za Sajenti Ntandu zikija bila haraka.

Akaandika jina lake mwenyewe. Mboni ikakubali.